Mume wa Alhamisi

Kosa lilifanyika kwenye ngazi, na lilikuwa dogo kiasi kwamba mtu mwingine angelisahihisha kwa neno moja. Mama Pindo alikuwa amepanda ghorofa tatu za lile jengo lililokuwa posta zamani, mkono ukishikilia chuma cha ngazi, moyo ukimwenda mbio kama mota ya cherehani iliyokatika mkanda. Juu alimkuta mzee wa funguo, mlinzi wa jengo, ameketi kwenye kigoda, anamenya chungwa. Mzee alimtazama toka chini hadi juu: viatu safi, gauni lililopigwa pasi, futi kamba ya ushonaji imesahauliwa shingoni.

"Umekuja kwa ajili ya mumeo," mzee alisema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo," akajibu.

"Basi ingia mlango wa kushoto, mama. Wa kulia ni wa wanywaji wenyewe. Huu ni wenu ninyi mnaoteseka nao."

Akaingia kushoto.

Mumewe alikuwa amekufa miaka minne nyuma, na katika maisha yake yote hakuwahi kuonja pombe. Alikuwa mchora mabango. Alianguka kutoka kwenye ngazi yake asubuhi moja, akiwa amebakiza herufi mbili za jina la duka la viatu, na wenye duka wakamtafuta mchoraji mwingine wa kuzimalizia. Alikuwa mtu mwepesi, wa maneno machache, ambaye hata nyumbani kwake mwenyewe alipiga hodi kabla ya kuingia: mara mbili, kimya kidogo, halafu mara moja.

Aliyekuwa anakunywa ni yeye, Mama Pindo. Alianza baada ya mazishi, kikombe kimoja cha kumsaidia kulala. Kikombe kikazaa kikombe. Kiwandani alikokuwa akishona pindo za mashuka ya hospitali, na ndiko alikopata jina hilo, alitunza pombe yake katika kopo la mafuta ya cherehani. Pindo zake, ambazo zamani mafundi wengine walizitumia kama rula, zilianza kutangatanga. Msimamizi alimrudishia mashuka afumue, akayafumua kwa mikono iliyotetemeka, akaona ni afadhali atulize mikono kwanza.

Halafu ikaja siku ya mvua. Alikuwa ameaga kazini kwamba anaumwa. Binti yake wa miaka tisa, Kidoti, alirudi kutoka shuleni saa nane mchana akakuta mlango umefungwa komeo kwa ndani. Mtoto aligonga mpaka giza likaanza kuingia, mvua ikimpiga mgongoni, na jirani aliyetoka kazini akamkuta amejikunyata chini ya mlango, hana sauti. Kifua kilimlaza hospitali wiki mbili, juu ya mashuka ambayo huenda mama yake ndiye aliyeyapinda. Siku alipotoka, wifi yake Mama Pindo, dada wa marehemu, alimchukua mtoto moja kwa moja kutoka wodini.

"Sikunyang'anyi mtoto, wifi," alisema, akiwa amembeba Kidoti mgongoni ingawa miguu ya mtoto ilikuwa karibu iguse chini. "Namtunza. Yako makundi ya watu wanaoacha pombe, wanakutana kila Alhamisi pale posta ya zamani. Nenda wiki kumi na mbili bila kukosa. Ukimaliza, tutaongea habari za Kidoti. Usipokwenda, usije ukanigongea mlango."

Kwa hiyo alikwenda. Hilo hakuna anayeweza kumnyima. Alikwenda, ila mlango haukuwa wenyewe.

*

Chumba cha kushoto kilikuwa na viti kumi vya plastiki, birika la chai, na dirisha lisilofunga vizuri. Mwenye kuongoza aliitwa Mwalimu, mama mstaafu mwenye miwani ya kamba, ambaye kijana wake alikuwa ameuza mpaka mlango wa choo. Kanuni zao zilikuwa chache. Linalosemwa humo linabaki humo. Anayesema hakatizwi na hajibiwi. Akimaliza, wote wanamwambia kwa pamoja: "Tumekusikia."

"Kama hujawa tayari, kunywa chai tu," Mwalimu alimwambia. "Hapa hatumbani mtu."

Aliyekaa kando yake alikuwa Mpishi, mama wa jiko la chuo, mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi. Alimnusa Mama Pindo bila haya, akamshika mkono.

"Pole, mwenzangu. Hata nguo zako zinanuka yeye."

Wakacheka wote, kwa huruma. Mama Pindo naye akacheka. Na kicheko kile ndicho kilichomfungua kinywa, maana hakuwa amecheka na watu kwa miezi. Akasema, "Mume wangu anaficha chupa kwenye kopo la mafuta." Akashangaa jinsi sentensi ilivyotoka laini. Akaendelea. Mume wangu anaapa asubuhi, jioni kiapo kimeyeyuka. Mume wangu anapiga mswaki mara tatu kabla ya kwenda kazini. Mume wangu analia akilewa, halafu analewa kwa sababu amelia.

"Tumekusikia," wakasema.

Alishuka ngazi akiwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Njiani alijiambia kwamba wiki ijayo ataingia kulia. Njiani huko huko alinunua chupa ndogo.

Wiki ya pili alisimama kati ya milango miwili. Kutoka kulia kilisikika kicheko cha watu wengi.

"Wanacheka nini hao?" Mpishi alimuuliza, akipanda nyuma yake huku anahema.

"Sijui."

"Wanatucheka sisi. Twende."

Akamfuata.

*

Yule mume alianza kukua. Kila Alhamisi Mama Pindo alimwongezea kitu: kikohozi cha asubuhi, goti linalogonga meza, namna ya kuita "mama" kwa ulimi mzito. Vyote vilikuwa vyake yeye. Alivivua mwilini mwake kimoja kimoja na kumvisha marehemu, na marehemu hakukataa, maana wafu hawana pa kukatalia.

Lakini mtu ukimtaja sana, hukosi kumwona. Wiki ya nne, alipokuwa akifua, alisikia mtu akiburuta miguu barazani. Alitoka, hapakuwa na kitu ila ndoo. Wiki ya tano alikuta kikombe mezani ambacho hakukumbuka kukiweka. Hilo halikumshtua, alishazoea vikombe asivyovikumbuka. Kilichomshtua ni kwamba alisema kwa sauti, kwa ukali wa mke aliyechoka, "Umeanza tena wewe?" na akangoja kujibiwa.

Na yule wa kweli akaanza kupotea. Jioni moja alitaka kumkumbuka mumewe akicheka. Zamani lilikuwa jambo rahisi: mchoraji alikuwa akicheka amefunga mdomo, mabega yakimtikisika, kama mtu anayeficha kicheko msikitini au kanisani. Sasa aliyekuja alikuja na mdomo wazi, midomo imelowa, macho mekundu. Mama Pindo alimfukuza akajaribu tena. Akaja yule yule. Alikwenda kabatini akatoa koti la kazi la marehemu, ambalo kwa miaka minne lilikuwa bado na harufu ya rangi na tapentaini, akalikumbatia usoni. Lilinuka pombe. Huenda alilimwagia mwenyewe siku asiyoikumbuka. Alikaa sakafuni na koti lile mapajani, akajua kwamba amemuua mtu mara ya pili, na safari hii hapakuwa na ngazi ya kulaumu.

Wiki ya saba Mpishi alimvuta pembeni. "Nina chumba cha nyuma," alisema. "Kina kitanda na mlango wake. Mwache huyo mwanamume."

"Hawezi kuishi bila mimi."

"Wote hawawezi. Na wote wanaishi."

"Hunijui mimi, Mpishi."

"Nakujua. Wewe ni mimi wa mwaka juzi, ila umekonda."

Mama Pindo alitamani kumwambia pale pale. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini alipiga hesabu: wiki saba amekwisha kaa, zimebaki tano. Akianza upya upande wa kulia, wifi atasema hakwenda popote. Na watu hawa tisa, ambao ndio pekee waliokuwa wakimwona kama mtu aliyeonewa, watajua kwamba mwoneaji alikuwa amekaa kati yao, anakunywa chai yao.

*

Wiki ya tisa mvua ilinyesha tangu mchana. Watu walikuwa wachache, dirisha lilikuwa likivujisha, na Mwalimu alikuwa ameweka beseni chini yake. Zamu ilipofika, Mama Pindo hakuwa amepanga kusema habari ya mlango. Ilijisema yenyewe.

"Kuna siku alimfungia mtoto nje," alianza. "Mvua kama hii. Mtoto aligonga tangu saa nane. Yeye alikuwa ndani, amelala na viatu, amelewa chakari..."

Mlango ulifunguliwa nyuma yake. Alisikia mwavuli ukikung'utwa, na sauti ya mzee wa funguo ikisema, "Ingia tu mama, ndugu wa wanywaji ni humu." Mwalimu alimwonyesha mgeni kiti kwa mkono, bila neno, kwa sababu anayesema hakatizwi. Mgeni akaketi mkabala. Alikuwa wifi yake.

Bila shaka alikuwa wifi. Ni nani mwenye haki zaidi ya kukaa katika chumba kile? Naye alikuwa na mlevi wake.

Wifi alimwona. Uso wake ulifunguka kidogo kwa mshangao, kisha kwa furaha hafifu ya mtu aliyekuta kweli ahadi inatimizwa. Kisha akaelewa maneno yaliyokuwa bado yananing'inia hewani, maana Mpishi, ambaye leo kiti chake kilikuwa upande ule, alimwinamia na kumnong'oneza, kwa wema tu, ili mgeni asipotee: "Anamsema mumewe. Mlevi huyo, shetani ana nafuu. Alimwacha mtoto wao mvuani."

Wifi aliweka mwavuli chini polepole sana, akamtazama mjane wa kaka yake. Mama Pindo angeweza kuvumilia hasira. Lakini macho yale yalikuwa ya mtu anayetazama kaburi likifukuliwa.

Beseni lilipokea matone matatu, manne.

"Endelea, mwanangu," Mwalimu alisema. "Hatuna haraka."

"Mume wangu hajawahi kunywa," Mama Pindo alisema. Sauti ilimtoka ndogo, akairudia. "Mume wangu hajawahi kunywa pombe. Amekufa miaka minne sasa. Huyu aliyeingia ni dada yake."

Mpishi aliufunika mdomo wake kwa kiganja.

"Aliyekuwa ndani siku ile ni mimi. Yote niliyowaambia ni yangu mimi. Kopo la mafuta ni langu." Alikuwa akimtazama wifi tu sasa. "Na sikuwa nimelala, wifi. Nilikudanganya hata hapo. Nilisikia. Kidoti anapiga hodi kama baba yake, mara mbili, halafu mara moja. Nilisikia hodi ile nikadhani ni yeye amerudi. Nikaogopa. Nikajifunika shuka mpaka kichwani, nikamwomba aende zake. Alipoita 'mama', nikafikiri wafu ndivyo wanavyodanganya. Nilimwacha mwanangu nje kwa kumwogopa mume wangu, mtu ambaye hakuwahi kuniogopesha hata siku moja."

Hakuna aliyejibu, maana ndiyo kanuni. Ila kanuni nyingine ilikuwa kwamba akimaliza waseme, na kwa muda mrefu hawakusema. Mwishowe Mwalimu alivua miwani.

"Tumekusikia," alisema, peke yake. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Wifi hakusema.

"Chumba chako ni kile cha upande wa pili, mwanangu," Mwalimu aliongeza. "Bado hawajamaliza. Nenda."

Mpishi aliinuka. Mama Pindo alidhani atapigwa, akafumba macho. Mpishi alimfungulia mlango tu. "Wiki tisa," alisema kwa sauti ya chini, "nimekuombea uachane naye."

*

Upande wa kulia viti vilikuwa vile vile vya plastiki. Aliyeongoza alikuwa Kinyozi, mwanamume mwenye kovu kwenye nyusi na mikono iliyotulia tuli. Alisogeza kiti kwa mguu.

"Karibu. Umepotea njia au umefika?"

"Nilikuwa chumba cha jirani. Wiki tisa."

Kicheko kiliwatoka wote kwa mara moja, kile kile alichokuwa akikisikia ukutani. Kumbe hakikuwa na ubaya wowote. "Mimi nilijifanya fundi bomba," mzee mmoja alisema. "Wiki mbili nakagua mabomba ya jengo hili. Hayakuwa na shida." Wakacheka tena, na yeye, uso umelowa, akacheka nao.

Kinyozi alimuuliza amekunywa lini mara ya mwisho. Mchana huu, akajibu. "Basi kesho asubuhi usianze ushujaa," Kinyozi alisema. "Pita zahanati kwanza. Mwili uliozoea ukiukatia pombe ghafla unaweza kukuangusha. Watakupa dawa ya mtetemo. Halafu Alhamisi uje, na Jumatatu tuko kwangu, nikishafunga duka."

Milango miwili ilifunguka kwa pamoja saa moja. Wifi alikuwa akingoja kwenye ngazi, mwavuli chini ya kwapa.

"Nilikuja kwa sababu yako," alisema. "Nilisema nijifunze namna ya kukusaidia."

"Nisamehe, wifi."

"Mimi naweza kungoja. Kaka yangu ndiye uliyemchafua mbele ya watu wote wale." Akauhamisha mwavuli kwapa la pili, kisha kwa sauti nyingine: "Nimewaeleza alikuwaje. Baada ya wewe kutoka. Nimewaambia alivyokuwa akikaa juu ya ngazi anaongea na herufi. Wamelia. Yule mnene amelia kuliko mimi."

"Niambie na mimi. Simwoni tena."

Wifi alimtazama sana. "Si leo," alisema. "Wiki kumi na mbili, mwanzo ni sasa. Kulia."

*

Wiki zilifika kumi na saba, maana katika wiki ya tano alianguka, akakaa siku nne na chupa, na alipopanda tena ngazi Kinyozi alisema tu, "Moja." Akaanza moja. Mikono ilitulia kidogo kidogo. Msimamizi aliacha kumrudishia mashuka. Miguu barazani hakuisikia tena, ila hakujua kama ni nafuu au ni nyumba tu imemtelekeza. Alhamisi, kabla ya kuingia vyumba vyao, wifi alikuwa akimpa kitu kimoja cha marehemu, kimoja tu: jinsi alivyokuwa akipiga chafya, wimbo aliouharibu kila mara mahali pale pale. Mama Pindo alivibeba mpaka nyumbani bila kuvigusa, kama yai.

Jumapili baada ya wiki ya mwisho wifi alimleta Kidoti mchana. "Kwa muda wa saa mbili tu," alisema. "Na utamwambia mwenyewe. Mimi nilimwambia komeo lilikwama." Akaenda kukaa sebuleni na gazeti.

Kidoti alikuwa amerefuka. Aliketi kwenye meza ya jikoni, akatoa penseli zake, akachora farasi mwenye miguu mirefu mno. Mama yake alimngoja amalize mkia.

"Siku ile ya mvua," alisema, "komeo halikukwama. Nilikuwa nimelewa. Nilisikia hodi yako, nikajifunika shuka kitandani. Sikukufungulia. Kosa lilikuwa langu, si la mlango."

"Najua," Kidoti alisema. "Nilikusikia."

"Ulinisikia nikifanya nini?"

"Ulikuja mpaka mlangoni." Mtoto hakuinua macho. "Nilisikia miguu. Ukasimama upande wa pili. Nikasema mama, ni mimi. Ukakaa hapo, ukakaa, halafu ukarudi. Shangazi anasema niliota."

Gazeti sebuleni liliacha kuchakarisha.

Mama Pindo alikuwa ameupitia mchana ule kichwani mara elfu, alishausema katika vyumba vyote viwili, na kila mara alikuwa kitandani, shuka kichwani, tangu hodi ya kwanza hadi ya mwisho. Miguu yake haikugusa sakafu. Na nyumbani hamkuwa na mtu mwingine.

Jambo moja likamjia, tamu sana: kwamba alikuwa yeye, mchoraji, amesimama nyuma ya mlango kumlinda mwanawe, mkono wake hauwezi kuinua komeo. Angeweza kumpa mtoto hilo. Kidoti angelipokea kwa mikono miwili, angelala nalo. Hata wifi, pengine, angelipenda. Akafungua kinywa, na akaona kwamba anataka tena kumtwika marehemu mzigo, safari hii umepambwa kwa maua.

"Ni mimi niliyekuja," alisema.

"Mbona hukufungua?"

"Sijui, mwanangu. Sikumbuki kuja. Lakini ni mimi."

Kidoti alifikiri. Kisha aliitikia kwa kichwa, akachagua penseli ya kahawia, akarudi kwa farasi wake. Baada ya kitambo alisukuma karatasi ya pili na penseli moja hadi katikati ya meza, si mbali zaidi ya hapo.

Mama Pindo alizichukua. Kutoka kitandani kwake hadi mlango wa mbele ni hatua kumi na moja. Alizihesabu pale pale alipokaa, kwenda na kurudi, akijaribu kukumbuka japo moja.